Kompyuta Isimamapo Ghafla: Kuitia Kdump na Kuiondoa

MWALIMU: Saa ya somo letu imefika. Mwenye kuongoza darasa na asimame karibu na ubao, chaki mkononi, maana leo yako maneno ambayo hayatoshi kusikiwa kwa sikio. Hapana budi yaonekane kwa jicho, herufi kwa herufi.

Mstari wa amri mmekwisha kuujua. Ni ile skrini nyeusi ambayo mtu huandika neno, akabonyeza kitufe cha Enter, na kompyuta ikatii. Leo twataka kuutumia kwa kazi moja ya maana: kutia ndani ya kompyuta chombo cha kuchunguza kiini chake, na kazi ikiisha, kukiondoa. Kukitia ni kazi ya dakika chache. Kukiondoa ndiko kunakotaka akili, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Pamoja nami hapa studio yuko bibi mmoja, mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Karibu, Bibi. Waeleze wasikilizaji yaliyowapata.

MWEKA HAZINA: Ahsante, Mwalimu. Chama chetu kina kompyuta moja, na daftari zote za akiba na mikopo zimo humo. Mara tatu katika mwezi mmoja imesimama ghafla tukiwa katikati ya kazi. Skrini inaganda, kibodi haifanyi kitu, hata tuizime kwa nguvu. Na hesabu tulizokuwa tukiandika zinapotea. Wanachama wakaanza kunong'ona kwamba mweka hazina ndiye anayezifuta. Tukamwita fundi. Fundi akauliza, "Kabla ya kuganda ilisema nini?" Haikusema neno.

MWALIMU: Pole sana, Bibi. Na hapo ndipo penye jambo la kwanza la kufahamu: kwa nini haikusema neno?

Katika kila kompyuta iko programu moja iliyo juu ya programu zote. Huitwa kerneli, yaani kiini. Kerneli ndiyo igawayo kumbukumbu, ndiyo iandikayo katika diski, ndiyo ipokeayo kila herufi mnayoibonyeza. Kompyuta tunayoisema leo inatumia kerneli ya Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, katika nchi ya Finland. Programu ndogo ikikosea, mathalani ile ya kuandikia barua, kerneli huifunga, na nyingine huendelea na kazi. Lakini kerneli yenyewe ikikosea, juu yake hapana mwingine. Ikiona mambo yameharibika kabisa husimama papo hapo, kwa kuwa kuendelea kungeweza kuharibu na diski. Basi mwenye kazi ya kuandika habari za msiba ndiye huyo huyo aliyefikwa na msiba. Nani ataandika? Mkizima na kuwasha tena, yale yaliyokuwa katika kumbukumbu yamekwisha potea, na fundi hana la kushika.

Dawa ya shida hiyo huitwa kdump, na hutamkwa kei-damp. Imo katika kerneli ya Linux tangu mwaka 2005. Njia yake ni hii. Kompyuta inapowaka, kerneli hutenga sehemu ya kumbukumbu na kuifunga, isitumiwe na programu yoyote. Katika chumba hicho kilichofungwa hulazwa kerneli ya pili, ndogo, isiyo na kazi. Ni kama mlinzi aliyelala chumba cha uani, mbali na jiko. Nyumba kubwa ikishika moto, yeye hajaguswa. Kerneli ya kwanza ikianguka, ya pili huamka mara moja, bila ya kompyuta kuzimwa, na kwa sababu haikuzimwa, kumbukumbu ya kwanza bado ipo. Ile ndogo huinakili katika diski kwa haraka, kisha huiwasha kompyuta upya. Hapo tena fundi ana la kusoma.

Haya, sasa ubaoni. Maneno nitakayosema ni ya Linux ya namna ya Debian, na jamaa zake kama Ubuntu. Linux za namna nyingine zina amri zao. Kwanza tutazame kama chombo hiki hakijatiwa, maana huenda mtu mwingine alikwisha kukitia.

dpkg -l kdump-tools

Andikeni herufi ndogo zote. Baada ya dpkg acheni nafasi. Kisha kistari, na herufi l, ambayo ni ele ndogo, si tarakimu moja. Tena nafasi. Kisha kdump, kistari, tools, bila nafasi kati yao. Kompyuta haisomi kama asomavyo mwenzako, ambaye huelewa hata ukikosa. Nafasi kwake ni mwisho wa neno. Ikijibu mstari uanzao kwa ii, chombo kimo tayari. Isipokuwamo, twaendelea:

sudo apt update
sudo apt install kdump-tools

Neno sudo maana yake ni kuomba mamlaka ya mkubwa wa mashine. Kompyuta itakuuliza nywila. Nawe ukiiandika, kwa kawaida hutaona herufi wala nyota katika skrini. Usishtuke, usidhani kibodi imekufa. Inaficha tu ili aliye nyuma yako asisome. Amri ya kwanza huleta orodha mpya ya vifurushi kutoka katika intaneti. Ya pili huleta kifurushi chenyewe. Huenda ikakuuliza kama unataka kdump iwe tayari tangu kompyuta inapowaka. Jibu ni ndiyo. Ikiuliza kama kila kuwasha upya kupitie njia ya kexec, jibuni hapana. Hatuna haja nayo.

Bibi, wadhani sasa kazi imekwisha?

MWEKA HAZINA: Kama kifurushi kimeingia, Mwalimu, si imekwisha?

MWALIMU: Bado. Nimesema kwamba chumba cha mlinzi hutengwa wakati kompyuta inapowaka. Kompyuta yenu iliwaka asubuhi, kabla ya mlinzi kuajiriwa. Chumba chake hakijatengwa. Basi hifadhini kazi, fungeni programu, mwiwashe upya:

sudo reboot

Ikirudi, mwulizeni hali yake:

kdump-config show

Katika majibu tafuteni maneno haya ya Kiingereza: ready to kdump. Yakionekana, mlinzi yupo chumbani. Yasipoonekana, hapana kitu, hata kama kifurushi kimo. Watu wengi husahau hapo. Wakapumzika na moyo mweupe, na siku ya kuanguka wakakuta patupu.

Iko pia amri ya kuiangusha kompyuta kwa makusudi ili kuona kama mlinzi ataamka. Ni jaribio la maana, na fundi hodari hulifanya. Lakini mimi sitaitaja hewani, wala kiongozi wa darasa asiiandike ubaoni. Fundi na aifanye mbele yenu, vitabu vyote vikiwa vimefungwa, na nakala ya daftari ikiwa nje ya mashine hiyo.

Sasa tuseme siku imefika na kompyuta imeanguka tena. Safari hii haikuganda tu. Ilikaa kidogo, ikawaka upya yenyewe. Andikeni:

ls /var/crash

Mtaona folda yenye jina la tarakimu nyingi, mathalani 202503061440. Msiogope wingi wake. Tarakimu nne za mbele ni mwaka, 2025. Mbili zifuatazo ni mwezi, 03, yaani Machi. Kisha siku, 06. Kisha saa, 14, na dakika, 40. Lakini kompyuta haihesabu saa kama sisi. Huanza usiku wa manane. Saa 14 yake ni saa nane yetu ya mchana. Basi kompyuta ilianguka tarehe 6 Machi 2025, saa nane na dakika 40 mchana.

MWEKA HAZINA: Kumbe! Basi hapo naweza kuwaonyesha wanachama kwamba saa ile nilikuwa benki.

MWALIMU: Waweza, ikiwa saa ya kompyuta ni sahihi. Na ndani ya folda hiyo mna faili mbili. Moja huanza kwa dmesg. Hiyo ni maandishi ya kawaida: maneno ya mwisho ya kerneli kabla ya kuanguka, na mara nyingi yatosha kumwonyesha fundi pa kuanzia, kama ni programu ya kuendesha kadi ya redio ya intaneti, au ni kipande cha kumbukumbu kilichoharibika. Nyingine huanza kwa dump. Hiyo ndiyo nakala ya kumbukumbu yenyewe, na jicho la mtu haliisomi. Fundi huifungua kwa programu iitwayo crash, pamoja na kifurushi cha alama za kerneli ile ile iliyoanguka. Akiandika bt, humwonyesha kerneli ilikuwa inafanya kazi gani ilipoanguka, na kazi hiyo iliitwa na ipi, na hiyo na ipi, kurudi nyuma. Kifurushi cha alama ni kizito, mamia ya megabaiti, kwa hiyo chama kijue mapema nani atalipa bando.

Neno moja kabla hatujaendelea. Umeme ukikatika, kdump haisaidii kitu. Mlinzi naye hufa gizani pamoja na nyumba. Wala si kila kuganda humwamsha. Lakini hata hilo lina faida: kompyuta ikizimika mara kwa mara na /var/crash ikabaki tupu, huku kdump ikiwa tayari, basi anzeni kutazama waya, betri na joto kabla ya kuilaumu programu.

Sasa tuje kwenye kuondoa. Fundi amepata sababu, ametengeneza, kompyuta imekaa miezi miwili bila kuanguka. Kwa nini tusimwache mlinzi alale tu?

Katika seva kubwa zenye kumbukumbu nyingi, huachwa. Mimi sina ugomvi na hilo. Lakini kompyuta ya chama si seva kubwa. Tuseme ina kumbukumbu ya megabaiti 2048, na kdump imetengewa 256. Gawanyeni: 2048 kwa 256 ni 8. Thumni nzima ya kumbukumbu imefungwa mchana na usiku, na mashine yenyewe ilikuwa nzito tangu zamani. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi, nitaisema baadaye kidogo.

Watu wengi huandika hivi:

sudo apt remove kdump-tools

Neno remove ni kuondoa. Kifurushi huondoka kweli, nao huinuka na kwenda zao. Lakini andikeni tena ile amri ya kwanza, dpkg -l kdump-tools. Mstari sasa waanza kwa rc. Herufi r yasema kifurushi kimeondolewa. Herufi c yasema mipango yake imebaki. Na katika mipango hiyo mna ile barua imwambiayo kerneli kila asubuhi: tenga chumba. Barua hiyo ina neno crashkernel. Basi mlinzi amefukuzwa, lakini chumba chake bado kimefungwa na ufunguo umepotea. Kumbukumbu haikurudi kwenu. Umepata hasara mbili: huna mlinzi, wala huna chumba.

Amri ifaayo ni hii:

sudo apt purge kdump-tools

Neno purge ni kusafisha: huondoa kifurushi pamoja na mipango yake. Kama aliyeandika remove jana anataka kutengeneza kosa lake leo, na aandike purge, itakubali. Kisha fuatisheni hizi tatu:

sudo apt autoremove
sudo update-grub
sudo reboot

Ya kwanza huondoa vifurushi vilivyokuja kumsindikiza kdump na sasa havina kazi. Itaonyesha orodha na kuuliza kama ufanye. Someni orodha yote kabla ya kusema ndiyo. Mkiona jina msilolijua, ulizeni. Ya pili huandika upya maagizo ya kuwashia kompyuta, barua ile isiwemo tena. Ya tatu mwaijua. Kama fundi alitia pia programu ya crash na kile kifurushi kizito cha alama, avitoe vivyo hivyo kwa purge, maana vinakula diski.

Tutajuaje kwamba chumba kimefunguliwa?

cat /sys/kernel/kexec_crash_size

Kompyuta itajibu kwa tarakimu. Ikiwa ni 0, kumbukumbu yote imerudi. Ikiwa ni kitu kama 268435456, bado imefungwa. Hizo ni baiti. Mkizigawanya kwa 1048576 mtapata megabaiti 256. Basi someni maagizo ambayo kerneli iliwashwa nayo:

cat /proc/cmdline

Mkiona humo neno crashkernel, yawezekana mtu aliliandika kwa mkono wake katika faili ya /etc/default/grub, na purge haigusi alichoandika mtu kwa mkono. Mwiteni fundi alifute, kisha update-grub, kisha reboot.

MWEKA HAZINA: Mwalimu, ulisema iko sababu ya pili.

MWALIMU: Ndiyo, Bibi. Ile faili ya dump. Nimesema ni nakala ya kumbukumbu. Saa ile ya kuanguka, katika kumbukumbu mlikuwa na nini?

MWEKA HAZINA: Daftari la mikopo lilikuwa wazi.

MWALIMU: Basi huenda kurasa za daftari hilo zimo katika faili ile. Kwa kawaida kdump huacha nyuma kumbukumbu iliyokuwa ya programu za kawaida, ili faili iwe ndogo, lakini nakala za kurasa zaweza kubaki katika sehemu za kerneli yenyewe, na fundi aweza kuiagiza kdump ichukue yote. Majina ya wanachama, madeni yao, pengine hata nywila iliyoandikwa dakika ile. Nawe ukiondoa kifurushi, usitegemee kwamba faili hizo zitafutwa pamoja nacho. Ni mali yenu, zinakaa katika /var/crash mpaka mtu azifute. Kwa hiyo fundi akisema, "Nipeni faili hii niende nayo nyumbani," chama kikae kwanza kiamue. Mimi napenda aisomee pale pale ofisini, hata ikichukua siku mbili. Akimaliza, andikeni majibu yake katika karatasi, kisha faili ifutwe.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, naomba kila mtu aache anachofanya, atazame ubao. Amri ya kufuta ni hii:

sudo rm -r /var/crash/202503061440

Hairudishi kitu. Haina kapu la taka. Kutoka mkwaju wa kwanza mpaka tarakimu ya mwisho ni neno moja, halina nafasi hata moja ndani yake. Tuseme kidole kimeteleza, ukaacha nafasi baada ya var:

sudo rm -r /var /crash/202503061440

Sasa ni maneno mawili. Kompyuta itaanza na la kwanza: ifute /var yote, ambamo mna mambo mengi yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi, na mara nyingi hata hazina za daftari za programu. Kompyuta haitauliza, maana umekuja na mamlaka ya mkubwa. Basi fanyeni hivi. Mmoja aandike, asibonyeze Enter. Mwingine asome kwa sauti kutoka katika skrini, si kutoka katika karatasi, akitamka na kila nafasi: sudo, nafasi, rm, nafasi, kistari r, nafasi, mkwaju var mkwaju crash mkwaju, na zile tarakimu moja moja. Wakipatana, ndipo Enter. Kisha ls /var/crash tena, mwone kwamba folda ile haimo.

MWEKA HAZINA: Nitamsomesha katibu, Mwalimu. Yeye ana miwani mipya.

MWALIMU: Vema sana, Bibi, na ahsante kwa kuja.

Kazi ya nyumbani ni tatu. Kwanza: kompyuta imejibu 134217728, je, ni megabaiti ngapi zilizofungwa? Pili: folda iitwayo 202411292105 ni ya tarehe gani, na saa ngapi kwa saa zetu? Tatu: mwenye kuongoza darasa aandike ubaoni mistari sita ya amri tulizosoma, na katika miwili aharibu nafasi moja, wanafunzi waitafute kwa macho, wala wasiiandike katika kompyuta. Majibu tutayasoma juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.